Rola kosta, watoto wetu na ule mstari wa ukutani



Ndugu zetu wapenzi, kila likizo ya shule inapokaribia tunapata simu zile zile kutoka Bujumbura, Kigali na Kampala. Mtu anakuja Dubai kuchukua mzigo, safari hii anakuja na mama watoto na watoto wenyewe, na baada ya kuulizia bei za vitambaa na za simu, swali la mwisho huwa ni hili: "Na watoto tuwapeleke wapi wakafurahi?" Wengine wanaujua udhaifu wetu, wanauliza moja kwa moja: "Zile treni zenu za kupinduka, zinafaa kweli kwa watoto wa Kiislamu?" Tumeona badala ya kumjibu kila mtu peke yake, tuandike hapa mara moja. Tunaandika wawili, baba na mama wa nyumba hii ya Sharjah, na pale tulipotofautiana tutasema nani alisema nini. Kuna na jambo moja la aibu kwetu. Tulitaka kuliruka, kisha tukaona bila ya hilo maandishi haya hayana faida kwa mtu.

Tuanze na udhaifu wenyewe. Sisi ni wapenzi wa rola kosta. Si wale waliopanda mara moja wakapiga picha, la. Ni wale wanaotaka kujua reli ina urefu gani, gurudumu limekaa wapi, na kwa nini kiti cha nyuma kinarusha kuliko cha mbele. Ugonjwa huu ulianza kwa baba. Alikulia Buyenzi, na Idi kwake ilikuwa ni kanzu mpya, sarafu za wajomba, na bembea ya kamba iliyofungwa kwenye muembe na vijana wakubwa waliokuwa wakitoza pesa kwa kila zamu. Anasema raha haikuwa pale chini unapopita kwa kasi. Raha ilikuwa juu kabisa, pale kamba inapolegea kidogo, mwili unakuwa kama hauna uzito, na tumbo linabaki juu wakati wewe umeshaanza kushuka. Miaka yote tangu hapo amekuwa akiitafuta nukta ile. Mama alikuwa akimcheka, mpaka siku alipopanda mwenyewe.

Siku hiyo ilikuwa mwaka 2011, Ferrari World ya Abu Dhabi, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa. Kuna rola kosta pale inaitwa Formula Rossa. Ilipofunguliwa 2010 ndiyo iliyokuwa na kasi kubwa kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa, na ilikaa na rekodi hiyo miaka mingi. Hii haivutwi kwa mnyororo kama nyingine. Inasukumwa na mtambo wa haidroli na kufikia kasi yake yote ndani ya sekunde tano hivi. Kabla ya kuondoka unapewa miwani ya kukinga macho, kwa sababu treni inatoka nje ya jengo, na chembe ya mchanga au mdudu kwa kasi ile si jambo la mchezo. Mama alivaa miwani juu ya mtandio uliochomekwa ndani, akasoma alichosoma, na treni ikaondoka. Anasema hakupiga kelele kwa sababu hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Aliposhuka alikaa kwenye benchi kimya, baba akadhani amekasirika. Kisha akauliza: "Foleni sasa imefika wapi?"

Hata hivyo, na hapa wapenzi wenzetu wengi watatupinga, Formula Rossa si ya kwanza kwetu. Kasi inaisha utamu haraka. Sekunde tano za mwanzo ni za ajabu, halafu mwili unazoea, unabaki na upepo usoni. Na haya mashindano ya kilomita na mita yamekuwa kama mashindano ya harusi zetu, kila mtu anataka kumpita jirani yake. Kule New Jersey, Marekani, kulikuwa na Kingda Ka, urefu wake mita 139, iliyofunguliwa 2005. Ilifungwa mwaka 2024 na mnara wake ukaangushwa Februari 2025. Saudia nao wakajenga Falcons Flight huko Qiddiya, na lengo lilikuwa kuipita Formula Rossa kwa kasi na Kingda Ka kwa urefu. Haya, na wapitane.

Sisi ukituuliza tutakutajia Cyclone ya Coney Island, New York. Tulikwenda kumtembelea shangazi Brooklyn mwaka 2013, na alipotuuliza tunataka kuona nini alishangaa kwamba hatukutaja lile sanamu la bandarini. Cyclone ni ya mbao. Ilifunguliwa mwezi Juni 1927. Kimo chake ni mita 26 tu, nusu ya Formula Rossa, na kasi yake haifiki kilomita 100 kwa saa. Lakini mbao zinalia, behewa linatikisika, na kila kilima kinakunyanyua kitini kabla hujamaliza kushukuru kwamba kile kilichopita kimekwisha. Baba alishuka macho yamejaa machozi akasema ni upepo. Ulikuwa ni muembe wa Buyenzi.

Hapo hapo Coney Island, mwaka 1884, Mmarekani mmoja aitwaye LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya kuteremka kwenye vilima. Mtu alilipa senti tano, na kasi ilikuwa kama kilomita 10 kwa saa. Baiskeli ya ustadhi wetu wa madrasa ingeiacha nyuma. Lakini mchezo wenyewe ni wa zamani zaidi. Warusi walikuwa wakijenga vilima vya mbao, wanavimwagia maji yagande, kisha wanateleza navyo. Ndiyo maana Wafaransa mpaka leo wanaiita rola kosta "milima ya Kirusi". Na Warusi wenyewe wanaiitaje? "Vilima vya Kimarekani." Kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Sasa turudi kwenye lile swali la kama inafaa. Mzee mmoja tunayemheshimu sana, tunasali naye msikiti mmoja, alitukalisha baada ya Isha akasema: "Wanangu, nyinyi mnajitupa kwenye maangamizi kwa mikono yenu, na juu ya hayo mnalipa." Hatukumjibu kwa haraka, maana ana hoja. Kama chombo ni cha hatari na wewe unakipanda kwa ajili ya kucheka tu, kweli umekosea. Kwa hiyo suala lote linarudi kwenye kukijua chombo. Tulimuomba ruhusa tumueleze kinavyofanya kazi, akasikiliza mpaka mwisho, Allah amlipe.

Rola kosta ya kawaida haina injini ndani yake. Mnyororo unaivuta mpaka kilima cha kwanza, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, na kutoka hapo ni uzito wake tu unaoipeleka. Kila kilima kinachofuata lazima kiwe kifupi kidogo, kwa sababu msuguano na upepo vinakula nguvu njiani. Wakati inapanda utasikia tak, tak, tak, tak. Watoto wanaiogopa sauti hiyo kuliko kitu chochote. Nao ndio ulinzi wenyewe: ni meno ya chuma chini ya behewa yanayojishika kwenye ngazi ya chuma, ili mnyororo ukikatika treni ibaki pale pale isirudi nyuma. Binti yetu mkubwa tulipomueleza hivyo, hofu yake ilipungua nusu. Ile nusu nyingine anasema ameiweka kwa makusudi, bila hiyo hakuna haja ya kupanda.

Kisha magurudumu. Watu wanadhani treni imekaa juu ya reli kama gari moshi. La. Kuna magurudumu juu ya reli, mengine ubavuni, na mengine chini yake, yaani reli imekumbatiwa pande tatu. Hayo ya chini alipata hakimiliki yake Mmarekani John Miller mwaka 1919, na bila ya hayo hakuna mtu angethubutu kujenga kilima kinachokurusha juu. Na breki. Reli imegawanywa vipande, na katika kila kipande inaruhusiwa treni moja tu. Kama ya mbele haijatoka, kompyuta inaizuia ya nyuma.

Mzee akauliza: "Na hizo ajali tunazosikia?" Hapo tukamtajia ile ya Alton Towers, Uingereza, tarehe 2 Juni 2015, kwenye rola kosta iitwayo Smiler. Behewa tupu la majaribio lilikuwa limekwama kwenye reli. Kompyuta ikafanya kazi yake, ikaizuia treni ya nyuma iliyokuwa na watu 16. Mafundi hawakuliona lile behewa tupu, wakadhani kompyuta imekosea, wakaipita amri yake, wakaiachia treni. Wasichana wawili walipoteza mguu mmoja kila mmoja, na wengine waliumia. Mwaka uliofuata kampuni ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Chuma hakikukatika, na kompyuta haikukosea. Binadamu ndiye aliyeona anajua zaidi kuliko kizuizi kilichowekwa.

Mzee akatikisa kichwa akasema, "Basi ngamia amefungwa, wakamfungua wenyewe." Tulicheka. Baba alicheka kidogo kuliko sisi wengine, maana wakati ule tayari alikuwa na la kwake.

Naam, tulifikie.

Idi ndogo ya mwaka 2022 tulikuwa kwenye bustani moja ndogo ya burudani. Hatutaitaja, kwa sababu kosa halikuwa lao. Mtoto wetu wa kiume alikuwa na miaka minane. Kulikuwa na rola kosta ya wastani, si kubwa, na kwenye mlango wa foleni umechorwa mstari wa sentimita 130. Mtoto alikuwa na 128. Alisimama pale mara mbili, mara tatu, akinyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji, na nywele hazifiki. Mama alikuwa upande wa pili amempakata mdogo, anatafuta maji. Mtoto hakulia. Angelia pengine ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Si kitu, Baba," na ile "si kitu" ikamkata baba maini.

Baba akamshika mkono akampeleka msalani. Akachukua boksi la biskuti, akalikata vipande, akavikunja mara mbili mbili, akavitia ndani ya viatu chini ya visigino. Mtoto akauliza, "Inaruhusiwa?" Akajibiwa, "Ni sentimita mbili tu."

Walirudi kwenye foleni. Mhudumu alikuwa kijana mdogo, kwa sura tu unaona yuko mbali na kwao kama sisi. Akamsimamisha mtoto kwenye mstari, akatazama viatu, akamtazama baba, akauliza kama ana uhakika. Na baba, mwenye ndevu zake na kanzu ya Idi, akasema: "Ana 131. Tumempima nyumbani asubuhi."

Tunaiandika sentensi hii kama ilivyosemwa. Boksi la biskuti mtu anaweza kuliita hila, mchezo, mapenzi ya mzazi. Hii haina jina jingine.

Sasa tuwaeleze kitu ambacho hata baba, na vitabu vyake vyote vya rola kosta, hakukifikiria. Mstari ule haukuwekwa ili mtoto asigonge kichwa. Umewekwa kwa ajili ya mapaja na nyonga. Kinachokushika ni kile chuma kinachoshuka mapajani, na kinashika vizuri pale tu mgongo umeegemea kiti na magoti yamekunjika kwenye ukingo wake. Mtoto mfupi magoti yake hayafiki ukingoni, kwa hiyo anateleza mbele, na mtu aliyeteleza mbele chuma hakimshiki. Na treni hii ilikuwa na chuma kimoja kwa watu wawili. Kikishuka kinasimama kwenye paja la mkubwa. Baba si mtu mwembamba. Chuma kilisimama juu ya baba, na kati ya chuma na mtoto palibaki nafasi ambayo ungeingiza mto wa kulalia.

Aliiona nafasi ile wakati treni imeshaanza kupanda. Tak, tak, tak, tak. Hakuna kengele ya kusema simamisheni, tumedanganya.

Kilima cha kwanza kilipita salama kwa sababu mtoto alikuwa ameshikilia kwa nguvu. Cha pili, mtoto alinyanyuka. Baba aliona mwanga kati ya suruali ya mtoto na kiti. Alikuwa ameshamzungushia mkono mmoja kifuani na mwingine ameushindilia kwenye mkanda wa suruali yake, na anasema hajui hata leo kama mkono ule ungetosha kama kilima kingekuwa na mita tano zaidi. Ile nukta ya kutokuwa na uzito aliyoitafuta miaka yote, siku hiyo ilikuja ikiwa na mtoto wake ndani yake.

Haikufika dakika moja. Treni ikarudi, chuma kikanyanyuka, na mtoto akaruka chini akicheka, mbio kwa mama yake: "Mama, nimepaa!" Mama akacheka naye. Baba akasema anaumwa tumbo.

Kwa karibu mwaka mzima mama hakujua. Alikuja kujua kwa njia ambayo hatukuitegemea. Ramadhani iliyofuata mtoto alikuwa anajizoeza kufunga, na dada yake akamkuta jikoni na gilasi ya maji mchana. Akamwambia, "Mbona umesema umefunga?" Naye akajibu bila hata kuona haya: "Ni mia na thelathini na moja tu." Dada hakuelewa. Akauliza, na yule akamfafanulia kama anavyofafanua somo la hesabu: ni pale unaposema kitu kidogo zaidi kuliko kilivyo ili mambo yaende, Baba alinifundisha. Mama alikuwa mlangoni.

Siku mbili mama hakuzungumza na baba isipokuwa kuhusu futari. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala alisema maneno machache. Alisema: "Mimi nilikuwa nimesimama pale chini nawapungia mkono." Kisha akasema, "Na yule kijana wa mlangoni? Ingetokea lililotokea, wangemuuliza nani? Wangekuuliza wewe?" Baba hakuwa ameifikiria hata mara moja sura ya yule kijana. Kazi yake, ruhusa yake ya kukaa nchini, pesa anazotuma kwao kila mwezi, vyote vilisimama juu ya neno la mtu mwenye kanzu ya Idi.

Usiku ule baba alimwita mtoto akamwambia mbele ya mama na dada yake kwamba alisema uongo, kwamba hakuna uongo wa sentimita mbili, na kwamba alimweka mahali ambapo angeweza kufa. Mtoto alisikiliza, akauliza swali moja: "Kwa hiyo nilivyopaa, ilikuwa si vizuri?" Baba akasema ndiyo, ilikuwa si vizuri. Mtoto akanyamaza. Tunadhani kumharibia kumbukumbu ile ya furaha ndiyo ilikuwa adhabu kubwa, na ilimwangukia asiyekosea.

Tuseme na habari ya mitandio, kwa sababu akina dada wanauliza zaidi hili kuliko lolote, na mama ndiye mwenye maoni hapa. Mwezi Aprili 2010 huko Port Stephens, Australia, dada mmoja Muislamu alifariki baada ya hijabu yake kunaswa na kigari cha mashindano alichokuwa akiendesha. Allah amrehemu. Kitambaa kinachoning'inia na gurudumu linalozunguka havikai pamoja, iwe ni hijabu, skafu ya shingoni au shali. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 2011, siku ya Idi ndogo, Waislamu kama 3,000 walikwenda bustani ya Playland huko Rye, New York. Wakaambiwa kwamba katika baadhi ya michezo vifuniko vya kichwa haviruhusiwi. Wakuu wa bustani walisema waandaaji walikuwa wameshaarifiwa mapema. Waliofika na watoto wao walikuwa hawajui. Ugomvi ukazuka, polisi wakaitwa, na watu 15 wakakamatwa. Siku ya Idi!

Mama anasema yeye haoni chuki katika sheria inayomhusu pia mwenye kofia ya michezo. Lakini anasema kumwambia mwanamke langoni, ameshalipa na mtoto anamvuta mkono, kwamba achague kati ya mtandio na mchezo, huko ni kumdhalilisha, hata kama sheria yenyewe ni sahihi. Kwa hiyo uliza kabla hujatoka nyumbani. Na vaa ile hijabu ya michezo inayovaliwa kichwani kama soksi, isiyo na ncha wala pini. Pini ni hatari kuliko kitambaa. Ikifunguka kwa kasi ile iko karibu na jicho la mtu wa nyuma. Buibui pana likusanye chini ya mapaja kabla chuma hakijashuka, na ndani vaa suruali. Ukiwa peke yako mwambie mhudumu unaomba kukaa na mwanamke mwenzako au kiti cha pembeni kiwe tupu. Hapa Falme za Kiarabu hatujawahi kukataliwa. Kwingine tumeombwa tusubiri treni inayofuata, nasi tukasubiri.

Mengine ni ya kupita haraka. Bustani kubwa za hapa zina vyumba vya kusalia, ila viko mbali na foleni, kwa hiyo msiingie kwenye foleni ndefu nusu saa kabla ya adhana. Ferrari World iko ndani ya jengo lenye ubaridi, ndiyo maana tunaipendekeza miezi ya joto. Muziki unapigwa kila kona, hilo hatulifichi, kila mtu na apime. Mwenye mimba, mwenye moyo au mgongo mbovu abaki na mikoba. Na msile biriani kwanza. Tunajua kwa nini tunasema.

Mwaka 2024, likizo ya Desemba, tulirudi Abu Dhabi. Kijana wetu alikuwa na miaka kumi, na kwa miezi mingi alikuwa akizungumza juu ya Formula Rossa tu. Hatukumpima nyumbani. Ilikuwa ni makubaliano yetu, baba na mama, kwamba aliye pale ndiye atakayempima, nasi hatutasema namba yoyote.

Tulipofika mlangoni mhudumu, dada mmoja, akamwita kwa mkono aje kwenye kipimo. Kijana akainama. Tulidhani amedondosha kitu. Akafungua kamba za kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akavivua vyote viwili, akaviweka kando vimeelekea mlango kama anavyoviweka msikitini. Yule dada akamwambia kwa Kiingereza si lazima, wanapimwa na viatu. Akamjibu, "Najua," akasimama na soksi, mgongo umenyooka, shingo mahali pake.

Alipungukiwa kwa upana wa kidole. Pengine na viatu angefika, na yule dada aliliona hilo, akamwambia tena avae ajaribu. Baba hakufungua mdomo. Kijana akageuka akamtazama, si kwa kuomba, alimtazama tu, kisha akamwambia yule dada asante, atakuja siku nyingine.

Tulikaa naye kwenye benchi lile lile alilokaa mama mwaka 2011. Treni ikapita nje na kishindo chake. Alikuwa anafunga kamba za viatu taratibu, fundo mara mbili, na bila kuinua kichwa akauliza:

"Baba, Idi kubwa ni mwezi gani?"